Ufundi wa Kuchelewesha Jibu

Mfumo wa jua ni mada rahisi sana kuifundisha vibaya. Mwalimu huchora duara kubwa ubaoni, akalizungushia njia nane, akaandika majina: Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali, Uranusi, Neptuni. Wanafunzi hunakili, hukariri kwa pamoja, na kengele ikilia kila mmoja anaweza kuzitaja sayari kwa mpangilio. Mtihani ukija, alama zake zipo. Ila akitoka nje, jua lililo juu ya minazi na lile duara la chaki ni vitu viwili visivyojuana.

Katika mada nyingi za sayansi macho humsaidia mwalimu. Haragwe huota mbele ya mtoto, chumvi huyeyuka majini huku anaiona. Hapa macho ni shahidi wa upande wa pili. Ardhi imetulia na jua ndilo linalokwenda. Jua na mwezi vinalingana ukubwa. Nyota zote ziko umbali mmoja. Mtoto wa miaka kumi na miwili ameyaona hayo tangu apate fahamu, na sasa anatakiwa ayakane kwa sababu mtu mzima mwenye chaki amesema. Akikubali upesi, amekubali kwa adabu tu.

Ndiyo maana nimependa kukaa nyuma ya darasa la mwalimu mmoja wa darasa la sita, katika shule ya msingi ya pwani isiyo mbali na Bagamoyo. Mwenyewe hataki kutajwa jina. Hana projekta wala darubini, na vitabu vya kiada havitoshi, wanafunzi hushirikiana. Alicho nacho ni ustadi wa kuchelewesha jibu. Analijua, analo mkononi, lakini halitoi mpaka mtoto afike mahali pa kulihitaji. Ni kazi ngumu kuliko kusema, na kwa muda mrefu mtazamaji anaweza kudhani mwalimu hafundishi.

Kipindi cha kwanza cha mada hafundishi kweli. Anauliza. Nani baba yake au mjomba wake anavua? Mikono inapanda, maana ni pwani. Bamvua huja lini? Wanajua: mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu. Maji mafu je? Mwezi ukiwa nusu. Mwezi mwandamo wa Ramadhani mlitazama upande gani? Magharibi, jua likishakuchwa. Nani anaijua Ng'andu? Wengi. Mmeiona saa ngapi? Alfajiri, anasema mmoja. Magharibi, anasema mwingine. Na nani amewahi kuiona usiku wa manane? Hapo panazuka mabishano. Kuna anayeapa kwamba aliiona, mwenzake anamwambia hiyo ilikuwa ndege.

Yote yanaandikwa kwenye karatasi ya manila kama yalivyosemwa. “Jua hutoka baharini.” “Mwezi ukiwa nusu, nusu nyingine imefunikwa na kivuli cha dunia.” “Joto huzidi kwa sababu jua limesogea karibu.” Mwalimu haandiki kwa kejeli, na wala hakunji uso. Manila inabandikwa ukutani na kubaki hapo muhula mzima, kwa sharti moja: hakuna sentensi itakayofutwa na mwalimu. Atakayeifuta ni yule aliyeisema, siku akiwa na sababu, na atasimama aieleze sababu yenyewe.

Sharti hilo dogo ndilo linaloliendesha darasa. Mtoto aliyekosolewa mbele ya wenzake hujifunza kunyamaza. Aliyepewa haki ya kujikosoa mwenyewe hubaki anaitazama sentensi yake kila asubuhi anapoingia, na siku moja huanza kuitilia shaka bila kusukumwa na mtu.

Nje, karibu na mlingoti wa bendera, kuna kijiti cha mita moja kilichosimamishwa kwa timazi ya uzi na jiwe. Kilisimikwa Januari, miezi mingi kabla mada haijafika kwenye azimio la kazi. Kila wiki wanafunzi wawili wa zamu hupima kivuli cha mchana na kuandika kwenye kaunta buku: tarehe, saa, urefu, upande. Maagizo yao ni kutafuta kivuli kifupi kuliko vyote vya siku hiyo. Walidhani ni kazi ya dakika moja, kwamba saa sita ikigonga kivuli kimefika mwisho wa kupungua. Haikuwa hivyo. Saa sita kamili kivuli bado kilikuwa kinapungua, na kiliendelea kupungua karibu nusu saa.

Mwalimu mwingine angelieleza hilo palepale. Yeye aliwaambia wapime tena, pengine saa ya ofisini ina kasoro. Walipima kwa saa ya ofisini, kwa simu ya mwalimu wa zamu, kwa redio. Walipokwisha kuzituhumu saa zote ndipo alipoleta ramani. Saa za Afrika Mashariki zimefungwa kwenye mstari wa nyuzi 45 mashariki, unaopita karibu na Mogadishu. Bagamoyo iko kama nyuzi sita magharibi ya mstari huo, na dunia huchukua dakika nne kuzunguka nyuzi moja. Zidisha: dakika ishirini na kitu. Jua linapokuwa limefika juu kabisa Mogadishu, hapa bado lina mwendo. Idadi ya dakika hupungua na kuongezeka kidogo kwa majira, lakini hoja ni ileile. Kwa kijiti na kaunta buku watoto walikuwa wameligusa zunguko la dunia kabla hawajalisoma.

Kaunta buku lilikuwa na jambo lingine. Katikati ya Januari kivuli cha mchana kilikuwa sentimita kama 26, kikielekea kaskazini. Siku za mwanzo wa Machi kilitoweka. Kijiti kilisimama juu ya kivuli chake. Kisha kikatokea upande wa pili, na shule ilipofunguliwa Julai kilikuwa sentimita 56 kuelekea kusini. Karibu na tarehe 10 Oktoba kilitoweka tena. Wanafunzi waliuliza kwa nini. Mwalimu aliwajibu kwamba swali ni zuri, akawaomba waliandike ukurasa wa mwisho wa kaunta buku, akalala nalo kwa majuma kadhaa.

Siku niliyoipenda kuliko zote ni siku ya kamba. Jana yake mwalimu alipita sokoni akanunua balungi moja, ulezi wa mia mbili, njugu mawe chache na choroko. Gololi aliazima kwa mwanafunzi, chumvi laini alitoa nyumbani. Usiku alikaa na rula akichagua. Balungi lazima lifike sentimita 14. Punje ya ulezi ikaribie milimita moja na robo. Njugu mawe iwe milimita 12, choroko milimita tano. Kila kimoja alikigandisha kwenye kipande cha manila na kukizungushia wino mwekundu, maana ulezi ukianguka kwenye nyasi ndiyo mwisho wake.

Kipimo alichokichagua ni cha sentimita moja kwa kilomita 100,000. Kwa kipimo hicho jua, lenye kipenyo cha kilomita zipatazo 1,392,000, ni balungi. Dunia ni punje ya ulezi, na Zuhura ni punje nyingine inayokaribia kulingana nayo. Zebaki na Mirihi ni chembe za mchanga. Mshtarii, jitu la sayari, ni gololi. Zohali ni njugu mawe. Uranusi na Neptuni ni choroko mbili. Anawapanga wanafunzi mstari, kila mmoja na kipande chake, kisha anaziweka sayari zote nane kwenye kiganja cha mmoja wao na balungi kwenye mikono ya mwingine. Asilimia 99.8 ya uzito wote wa mfumo huu, anasema, iko kwenye mikono ya huyu. Zilizobaki zote zinagawana makombo.

Halafu anauliza swali moja: punje ya ulezi ikae umbali gani kutoka kwenye balungi?

Hapo ndipo picha ya kitabuni inapoonyesha madhara yake. Kitabu hakina budi kuzipanga sayari kama shanga uzini, kwa sababu ukurasa una mwisho wake. Basi wanafunzi wanaweka ulezi shubiri moja kutoka kwenye balungi. Mwingine, kwa ujasiri, anasogea hatua tatu na wenzake wanamcheka. Mwalimu hasemi ndiyo wala siyo. Anatoa kamba ya katani ya mita 15, anampa mwanafunzi mmoja ncha ashike penye balungi, na mwingine anamwambia aende mpaka kamba ivutike. Darasa linaikodolea macho kamba inavyozidi kwenda.

Kamba hiyo moja ndiyo kilomita milioni 150, umbali wa dunia na jua, na ndiyo inayokuwa kipimo cha yote yanayofuata. Zebaki haifiki nusu kamba. Zuhura inakaribia robo tatu. Mirihi ni kamba moja na nusu. Wanataaluma wa anga hupima hivyohivyo, kwa kuuchukua umbali wetu na jua kuwa kipimo kimoja, lakini istilahi yake haikutajwa siku ile. Watoto walikuwa wameshaanza kusema “kamba tano” na “kamba tisa” bila kufundishwa.

Kabla hawajaenda mbali aliwasimamisha kwenye punje ya ulezi, mmoja mmoja, akawaambia wafumbe jicho moja na kuliziba balungi kwa ncha ya kidole, mkono ukiwa umenyooshwa. Kidole kilitosha, na kikabaki na nafasi. Kutoka mita 15, balungi la sentimita 14 huonekana na upana uleule wa jua angani. Jua lenyewe ni marufuku kulitazama, na alilisema hilo kwa sauti ya ukali niliyoisikia mara moja tu. Mwezi hauna madhara, na upana wake angani ni karibu sawa na wa jua, kwa hiyo usiku waupime kwa kidole kilekile. Nilivutiwa na uangalifu huo. Alikuwa amewapa njia ya kuukagua mfano wake wenyewe, ili wasimwamini kwa sababu ni mwalimu.

Akiwa bado pale kwenye ulezi, aliliamsha lile swali la Ng'andu, ambayo ndiyo Zuhura. Alimgeuza mwanafunzi wa Dunia alipe kisogo balungi. Sasa kwako ni usiku wa manane, akamwambia, tuonyeshe Zuhura. Mtoto aliangaza mbele, kushoto, kulia. Aliyeshika Zuhura alikuwa nyuma yake, upande wa balungi, na hata alipoambiwa azunguke kwa njia yake yote hakuweza kutokea mbele. Ng'andu huonekana jioni au alfajiri tu, na haikai zaidi ya takriban saa tatu mbali na machweo au macheo, kwa sababu njia yake iko ndani ya yetu. Yule aliyeapa kwamba aliiona usiku wa manane hakungoja. Aliomba ruhusa ya kurudi darasani, na tuliporudi tulikuta sentensi yake imepigwa mstari.

Kisha likaja zoezi la mwanga. Kamba ilikuwa na alama za kalamu kila sentimita 30. Mwanga huenda kilomita 300,000 kwa sekunde, yaani sentimita tatu kwa kipimo cha uwanjani. Mwanafunzi mmoja aliweka kidole kwenye balungi na kuanza kukisogeza polepole, darasa likihesabu kwa sauti moja mpaka kumi kwa kila alama. Dakika ya kwanza walicheka. Ya tatu walianza kunung'unika. Ya tano sauti zilishuka, wakawa wanahesabu kwa dhati. Kidole kilipofika kwenye ulezi zilikuwa zimepita dakika nane na sekunde ishirini. Mwalimu aliwauliza mwanga unaowachoma shingoni wakati ule uliondoka lini kwenye jua. Walijibu kabla hajamaliza swali. Angeweza kuisema namba hiyo kwa sekunde tatu. Aliilipia dakika nane za kipindi, na sidhani kama ataisahau mtoto hata mmoja.

Baada ya hapo msafara ulitoka uwanjani. Gololi ya Mshtarii ilibaki mwisho wa uwanja wa mpira, kamba tano. Zohali ilisimama nyuma ya vyoo vya shule, kamba tisa na nusu. Choroko ya Uranusi ilivuka bomba la maji, kamba kumi na tisa, na ya Neptuni ikaishia barabarani karibu na duka, kamba thelathini, mita 450 kutoka kwenye balungi. Ukitazama nyuma kutoka pale, balungi lilionekana kwa yule tu aliyejua lilipo. Mwanga unaochukua dakika nane kutufikia huchukua zaidi ya saa nne kufika Neptuni: ukiondoka kengele ya asubuhi ikilia, unafika adhuhuri.

Mwenye duka alitaka kujua kuna nini, akaelezwa na mwanafunzi, akauliza swali la mtu mzima: na watu wamefika wapi? Mtoto alirudi mbio hadi kwenye ulezi, kwa kuwa jibu lilikuwa kule. Chembe ya chumvi, yaani mwezi, ilikuwa imebandikwa sentimita 3.8 kutoka kwenye ulezi, upana wa vidole viwili. Watu kumi na wawili walioukanyaga mwezi kati ya 1969 na 1972 walisafiri vidole viwili. Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa Septemba 1977 bila mtu ndani, kiko kama kilomita mbili na nusu kwa kipimo hicho, mbali kupita duka na kupita kijiji. Na nyota jirani kabisa na jua letu? Mwalimu aliwaacha wakisie: mjini, Chalinze, Dodoma. Proxima Centauri ingekuwa kilomita 4,000 kutoka kwenye balungi. Weka balungi Dar es Salaam, nyota hiyo ni gololi kubwa iliyoko Muscat.

Jina la Muscat halikuchaguliwa kwa bahati. Katika shule za pwani hakosekani mtoto mwenye shangazi au mjomba Oman, na mwalimu alikuwa anautayarisha uwanja wa swali lililolala kwenye kaunta buku.

“Joto huzidi kwa sababu jua limesogea karibu.” Hiyo ndiyo sentensi sugu kuliko zote za manila, na kwetu ina ushahidi wa uongo unaoitetea. Dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, kilomita milioni 147, na mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, milioni 152. Januari pwani yetu ni kaskazi na joto; Julai ni kipupwe. Mwanafunzi wa Ulaya aliyekariri kosa hilo hukosolewa na theluji ya Januari. Wa Bagamoyo hakosolewi na kitu. Anaweza kuzisoma namba hizo kitabuni akazidi kujiamini. Mwalimu asiyeliona hilo atalijenga kosa kwa namba sahihi.

Alilivunja kwa hatua mbili. Kwanza aliwarudisha kwenye kamba. Tofauti ya kilomita milioni tano ni kiasi gani hapa? Nusu mita. Alimsogeza mwanafunzi wa Dunia nusu mita mbele, nusu mita nyuma, kati ya mita 15, akawauliza kama wangeisikia tofauti hiyo wakiota moto. Baadhi walisema kidogo. Hakuwabishia. Hatua ya pili ilikuwa kazi ya nyumbani: wenye jamaa Muscat wawaulize, kwa simu ya mzazi, kukoje huko Julai na kukoje Januari. Majibu yalikuja na msisitizo. Juni na Julai hakutokeki nje mchana, joto linapita nyuzi 40. Januari ndiyo watu hutembea. Dunia ni moja, umbali na jua ni mmoja, na majira ni kinyume. Sentensi ilifutwa na waliokuwa wameisema, na chini yake kukabaki pengo. Ndipo walipomgeukia mwalimu na kumtaka jibu, na ndipo alipolitoa.

Alichukua chungwa lililochomwa kijiti katikati na taa moja ya chaji juu ya meza, madirisha yakazibwa kwa khanga. Kijiti kiliinama nyuzi 23 na nusu. Sharti lilikuwa kwamba ncha ya juu ielekee daima mnara wa simu ulio kaskazini ya shule, popote mzunguko utakapofika. Hapa macho yake hayakuwa kwenye chungwa, yalikuwa kwenye kifundo cha mkono wa mwanafunzi. Karibu kila mtoto, akizunguka taa, hukigeuza kijiti bila kujijua kiendelee kuinamia taa, na kosa hilo dogo la mkono linaua maelezo yote. Aliwaacha wazunguke, na kila mkono ulipoanza kugeuka aliuliza tu, “Mnara uko wapi?” Mkono ukarekebishwa. Mara ya tatu mtoto alikuwa anajiuliza mwenyewe. Upande mmoja wa mzunguko, kaskazini ya chungwa ilipata mwanga wa wima. Upande wa pili, kusini. Mtu alikwenda kuleta kaunta buku. Kivuli cha Januari kilichoelekea kaskazini na cha Julai kilichoelekea kusini vilisomwa kwa sauti, na safari hii walioeleza ni wao.

Kwa mwezi anatumia asubuhi. Kuna siku, mwezi ukiwa umepita robo tatu za safari yake, unapoonekana angani saa mbili asubuhi upande wa magharibi huku jua liko mashariki. Hapo huwatoa nje, kila mmoja na ndimu juu ya kijiti, na kuwaagiza wainue ndimu mkono ukiwa umenyooshwa kuelekea ulipo mwezi. Jua linaipiga ndimu upande mmoja. Nusu ya ndimu inang'aa na nusu iko gizani, kwa umbo lilelile na mwinamo uleule wa mwezi uliopo nyuma yake. Kivuli cha dunia hakimo. Jua lenyewe limetoa maelezo. Nimewaona watu wazima wakifanya hivyo kwa mara ya kwanza wakabaki wakiishusha na kuipandisha ndimu.

Kuna jambo la mwezi ambalo vitabu vingi vinalikosea mtoto wa huku. Hilali huchorwa imesimama wima, kama inavyoonekana kwa watu wa mbali na ikweta. Kwetu mwezi mwandamo hulala, ncha mbili juu. Mwalimu huyu huwaagiza wachore hilali darasani, kisha jioni waichore tena wakiwa wanaitazama. Karibu wote huja na michoro miwili tofauti. Hiyo ni nafasi ya kuwaambia kwamba aliyechora kitabu hakudanganya, alisimama mahali pengine. Na usiku wa tarehe 7 Septemba 2025, mwezi ulipopatwa wote kuanzia saa mbili na nusu, walikuwa na kipimo kingine mkononi: kivuli cha dunia kiliufunika mwezi mzima kwa saa moja na dakika ishirini na kitu tu, na mwezi wenyewe ulikuwa mpevu. Kinachochukua saa moja na kitu hakiwezi kuwa ndicho kinachochukua wiki mbili. Sentensi ya nusu mwezi ilifutwa Jumatatu asubuhi.

Katika kabati la shule kuna kitabu cha zamani kinachosema sayari ni tisa. Wengine wangekitupa. Yeye hukitoa pamoja na kipya na kuwauliza kipi kinasema uongo. Pluto iligunduliwa mwaka 1930 na ikahesabiwa sayari ya tisa hadi Agosti 2006, wanaastronomia wa dunia walipokutana Prague na kuiweka katika kundi la sayari kibete. Kwenye kamba zetu Pluto ni ndogo kuliko chembe ya chumvi ya mwezi wetu, na iko karibu kamba arobaini. Darasa hujadili, na mwishoni hukubaliana kwamba vitabu vyote viwili vilikuwa vya kweli kwa siku zao. Pluto haikufanya lolote. Watu ndio waliopanga upya. Kwa mtoto aliyezoea kwamba kitabu ni mahakama ya mwisho, hilo ni somo zito, na linapita bila mahubiri.

Mtihani nao haukusahauliwa. Mbinu ya kukumbuka kwa herufi za mwanzo haisaidii sana kwa Kiswahili, maana Z ziko tatu na M ziko mbili. Yeye huuliza nani alishika nini siku ya kamba, na alisimama nyuma ya nani. Orodha hutoka yenyewe, kutoka kwenye balungi hadi dukani. Baada ya miaka miwili, wakifika kidato cha kwanza, wataikuta mada hii tena kwenye Jiografia, kwa Kiingereza. Watakuwa na kazi ya majina mapya peke yake, kwa kuwa vyenyewe wamekwisha kuvitembelea kwa miguu.

Mthibiti ubora wa shule akija siku ya kamba atakuta darasa tupu, ubao usioandikwa kitu, na manila iliyojaa makosa yaliyopigwa mistari. Andalio la somo liko mezani, limesainiwa, lakini halionyeshi kazi yenyewe. Ningemwomba asianze na mafaili. Amchukue mtoto yeyote anayemkuta barabarani na kumuuliza kwa nini Ng'andu haionekani usiku wa manane. Aangalie kama mtoto atafungua daftari, au atageuka kwanza kutafuta balungi liko upande gani. Ukaguzi huo hauchukui dakika mbili, na sijaona fomu inayopima ualimu vizuri kuliko hapo.